Skrubu Nne za Inchi Moja

Dada Zuhura,

Hali yako sitakuuliza, maana anaijua aliyekuchukua. Yangu nitakwambia: tangu uondoke, mdogo wako nimekuwa mtu mkubwa. Mahakama Kuu ya nchi hii ilikuwa imekwama, asikudanganye mtu. Jaji mzima amekaa na joho lake, mawakili na vitabu vyao vinene kama matofali, kesi haiendi mbele wala nyuma, mpaka alipoitwa Salumu, fundi funguo wa Mchafukoge. Nilipoingia, chumba chote kilisimama.

Nakusikia. Nakusikia kabisa, na pini zako za kushonea mdomoni: "Salumu, toa nusu."

Haya. Chumba kilisimama kwa sababu Jaji naye alikuwa anaingia, kwa mlango wake. Saa zetu ziligongana tu.

Umenitolea nusu maisha yangu yote. Nikirudi kutoka soko la samaki Magogoni nikasema nimeona papa mkubwa kama basi, toa nusu. Nikisema polisi wanne wamenikimbia, toa nusu. Nusu iliyobaki ukiipokea, tunacheka, unanipakulia wali. Miaka miwili sasa hakuna mtu wa kunitolea, na hadithi zangu zimenenepa mpaka nyingine mimi mwenyewe nazionea aibu. Lakini habari niliyoshikia kalamu leo haina cha kutoa. Ni ya mwanao, Nasra.

Ulimwacha hajamaliza chuo. Pale kitandani hospitali ulinishika mkono ukaniuliza mtoto wa kike atakaaje chumba kimoja na wauaji na wala unga, akiwauliza habari za utoto wao. Mimi nikakujibu kwamba atakuwa mkubwa kuliko waziri. Uliguna tu, hukuwa na nguvu ya kutoa nusu. Dada, amemaliza. Ni mwanasaikolojia wa mambo ya mahakama, ana meza yake kwenye ofisi moja kule Upanga, chini ya mama mmoja wa Kichaga, Dokta Ndeshi, mtu mzima, mvi kichwani na raba miguuni.

Mtaani hapa wanamwita daktari wa vichaa, nami nimechoka kuwasahihisha. Muuza kahawa ameniuliza kama Nasra anaweza kumtazama mkwewe. Nikamwambia, bwana, mkweo ni mkorofi tu, hana ugonjwa. Kazi ya Nasra ni hii: mtu amefanya jambo zito, kaumiza, kaua, pengine alikuwa na madawa kichwani, na mahakama inataka kujua huyu ni nani, kapitia nini, siku ile ndani yake palikuwa na nini. Basi Nasra anakwenda kukaa naye. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Saa nzima ya mwanzo hashiki kalamu. Hakai mbele ya mtu kama askari, anakaa ubavuni, kama watu wawili wanaochambua mchele. Halafu anauliza vitu vidogo vidogo. Siku hiyo ulikula nini? Ulilala upande gani wa kitanda? Mlango ulikuwa wazi?

Anasema hayo ameyasoma chuo. Mimi najua ameyasoma wapi. Ameyasoma chini ya meza yako ya kukatia vitambaa, pale Kariakoo, akiwa na miaka saba, anaokota vifungo. Wateja wako wakivuliwa mitandio wapimwe, na wewe unapima taratibu, husemi kitu, na futi yako shingoni, mpaka mwanamke anaanza mwenyewe kusema. Akishaondoka ndipo unanong'ona: "Mikono mirefu, Salumu? Kwa joto hili la Dar?" Wewe ulikuwa unawajua wanaopigwa mtaa mzima kwa urefu wa mikono ya magauni yao. Mtoto alikuwa anasikia.

Sasa nikupe kesi yenyewe.

Jengo la nyuma ya duka langu, ghorofa ya nne, alikaa mwanamke anaitwa Halima na mumewe Shabani, muuza viatu vya mtumba. Shabani humjui, walihamia baada yako. Alikuwa mtu wa salamu. Hapiti dukani bila "Shikamoo fundi", na akiniletea kiatu chenye soli nzuri ananipunguzia bei. Siku moja mchana Halima alimpiga mumewe mchi wa kinu, kichwani, mara moja. Shabani akafa siku ya tatu. Halima hakukimbia, aliketi ngazini mpaka polisi wakaja. Mtaa ukahukumu kabla ya hakimu: teja yule, anabugia vidonge vya maumivu vile vikali vinavyouzwa kwa kificho, kichwa kimemruka, kaua mume wa watu.

Alikiri kuua bila kukusudia. Kilichobaki ni Jaji aamue adhabu, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ana binti wa miaka sita, alikuwa kwa bibi yake Kigamboni akiuliza kila asubuhi mama anarudi lini. Inaweza kuwa miaka mingi gerezani, inaweza kuwa nafasi ya kuishi. Wakili wake akaomba ofisi ya Dokta Ndeshi imchunguze Halima na kumwandikia Jaji taarifa, na Dokta akampa kazi hiyo Nasra. Ya kwanza kubwa.

Ikafika siku Halima akamtajia fundi aliyekuwa anawatengenezea mlango wa chumba cha kulala. Fundi funguo wa pale kona. Dada, Nasra alisimamisha mazungumzo, akarudi ofisini saa ileile, akamwambia mkuu wake: huyo fundi ni mjomba wangu. Hayo amenisimulia Dokta mwenyewe kesi ilipokwisha. Wangapi wangenyamaza? Mimi ningenyamaza. Dokta akamwambia aendelee na Halima, fundi atahojiwa na yeye. Maana hawa hawaamini mdomo mmoja. Mtu akisema jambo wanalifuata kwa jirani, kwenye kadi ya hospitali, kwa mwalimu wa mtoto, kwa fundi.

Nikaitwa Upanga. Nikavaa kanzu ya Idi na lile koti la marehemu baba. Dokta akanimiminia chai, akaniambia nieleze ninachokijua. Basi nikaeleza. Nikasema siku moja nilisikia kilio, nikapanda ghorofa nne kwa pumzi moja, nikauvunja mlango kwa bega, nikamkamata Shabani ukosi, nikamtupa ngazi tatu, nikamwambia ukimgusa tena huyu mama utanitambua. Nilisema vizuri, Dada. Hata mimi niliguswa.

Dokta hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alipomaliza kuandika akanisogezea karatasi na penseli, akaniomba nimchoree ule mlango niliowatengenezea. Tu. Mlango na vitu vyake vyote.

Mikono yangu haijui uongo, unajua, ni mdomo tu. Nikachora fremu, bawaba tatu, kitasa, mbao niliyoibandika pale ilipopasuka. Na komeo. Akaweka kidole juu ya komeo.

"Hili, fundi, liko ndani ya chumba au nje?"

Nikanyamaza. Andika hiyo, Zuhura: Salumu alinyamaza.

Akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Haya uliyonieleza yatapimwa na maneno ya wengine. Yasipolingana, wewe utarudi dukani kwako. Atakayeonekana muongo ni yeye."

Akaniambia niende nikafikiri, nirudi kesho yake nikipenda.

Nikaenda moja kwa moja kwa Nasra. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yako, anapinda sketi ya kazini. Nikafungua mdomo tu, akainua mkono: "Mjomba, kesi hiyo hapana. Hata neno moja." Akanipa juisi ya ukwaju. Nikaona basi nisikae kama jiwe, nikaanza kumsimulia ile bajaji niliyoiona Mtaa wa Msimbazi imepakia watu kumi na mmoja na mbuzi. Hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Toa nusu, Mjomba."

Dada, ilikuwa sauti yako. Si kama yako, yako. Nikaweka glasi chini. Nikaaga.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Dokta kabla hajafika. Bila koti. Nikamwambia sijawahi kuvunja mlango wa mtu kwa bega, na ghorofa nne napanda kwa vituo. Nikamwambia ninachokijua kweli. Kwamba nilibadilisha kile kitasa mara tatu, na kila mara mbao ilikuwa imepasuka kutoka nje kwenda ndani, na mara ya pili alama ya soli ya kiatu ilikuwa bado pale. Kwamba siku moja ya Februari Shabani alikuja dukani, shikamoo fundi, anataka komeo la chumba cha kulala. Nikapanda. Akanionyesha pa kuliweka: nje.

Komeo la nje ya chumba cha kulala halizuii mwizi. Fundi yeyote anajua. Nilijua. Nikamuuliza kwa utani, unafuga simba humu? Akacheka. Na mimi nikacheka. Halima akaniletea maji ya kunywa, gauni la mikono mirefu mpaka kwenye vidole, jasho linamtiririka. Nilikusikia pale pale, Zuhura, mikono mirefu, kwa joto hili la Dar? Nikanywa maji. Nikakaza skrubu nne. Nikashuka.

Sikuwa nimemwambia mtu hayo. Dokta aliandika yote kwa upole uleule alioandikia uongo wangu. Akaniuliza skrubu zilikuwa za urefu gani. Nikasema inchi moja. Akauliza mlango kama ule unahitaji za inchi ngapi. Nikasema mbili. Akaandika, akafunga daftari.

Sikujua kwa nini anauliza hadi siku ya mahakama. Kumbe Shabani alikuwa amemfungia Halima mle ndani tangu asubuhi ya siku iliyotangulia ile ya mchi, bila maji, bila vile vidonge. Mchana wa siku ya pili alisukuma mlango na skrubu zikang'oka. Akakimbilia jikoni kunywa maji. Shabani akarudi akamkuta, akavua mkanda, akauzungusha mkononi upande wa chuma nje. Na mchi ulikuwa pale. Mtaa ulisema hadithi ya kufungiwa ni ya teja. Lakini mlango ulikuwepo, na matundu manne yaliyochanika, kina chake inchi moja, na mchoro wangu ulikuwa ndani ya taarifa, na vikalingana.

Sasa nikusimulie mwanao kwenye kizimba cha mashahidi. Alivaa ile sketi. Mkononi alikuwa na karatasi zake tu. Wakili wa Serikali, kijana mrefu, akaanza na mimi: huyu fundi si mjomba wako? Akajibu, "Ndiyo, ni kaka wa tumbo moja na mama yangu. Iko ukurasa wa kwanza." Jaji akafunua, akaikuta, akamwambia yule kijana aendelee na lingine.

Likaja la vidonge. Wakili akasema mwanamke huyu ni mtumiaji, na watumiaji ndio hufanya fujo. Nasra akasema yeye alifuata mpangilio wa mambo kwenye kadi za hospitali. Mfupa wa bega ulivunjika kwanza. Kidonge cha kwanza alipewa hospitali kwa ajili ya mfupa huo. Vilipokwisha, Shabani ndiye aliyekuwa anamletea vya mtaani, maana akimeza hasikiki kwa majirani. Alisema polepole, kama wewe unavyopima bega la mtu. Na kuhusu kwa nini hakuondoka, watu wote waliuliza hilo, alieleza kwamba mtu aliyepigwa kila alipojaribu kutoka mwishowe anauogopa mlango wenyewe, hata ukiwa wazi. Mle ndani mama mmoja mlinzi aliinamisha kichwa.

Ndipo wakili akamuuliza swali la kumkamata. Halima alikuwa na arosto siku ile, siku ya pili bila vidonge, anatetemeka. Je, si arosto ndiyo iliyoinua mchi?

Nasra akaziweka karatasi chini. Akasema, "Sijui."

Katika ukoo wetu, tangu babu, hakuna aliyewahi kutamka neno hilo mbele ya watu. Akaendelea: "Najua alikuwa mgonjwa na najua alikuwa na hofu ya kufa. Kipi kati ya hivyo kiliinua mkono, sijui, na hakuna kipimo cha kunijulisha. Sikuja kusema hana kosa. Nimekuja kusema ni nani." Nikamwona Jaji akishika kalamu na kuliandika lile sijui. Niamini, hapa usitoe kitu: tangu hapo, kila alichosema Nasra Jaji alikuwa anakiandika.

Na mimi niliitwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya nusu saa, na historia ya kufuli toka wakati wa Mjerumani. Niliulizwa maswali matatu. Wewe ndiye uliyeweka komeo? Ndiyo. Upande gani? Nje. Skrubu za urefu gani? Inchi moja. Jaji akasema asante fundi, kaa. Dakika mbili. Hakuna mahali nimewahi kusema kidogo hivyo, na sijawahi kusema kitu kizito kama lile neno nje.

Halima alipewa kifungo cha nje, kwa sharti ahudhurie matibabu ya kuacha vidonge na akae na mshauri kila wiki. Binti yake alimrukia pale mlangoni wakaanguka wote wawili. Nasra hakushangilia. Alikusanya karatasi zake, akatoka, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha, akavua viatu, akaviweka sambamba ubavuni, kama wewe ulivyokuwa ukifanya ukishakabidhi nguo ya mwisho ya Idi. Nikakaa naye. Nilikuwa na maneno mengi, Dada. Nikayaacha.

Mtaa umebadilika kidogo. Muuza kahawa sasa anasema alijua tangu mwanzo. Mimi mtu akija kutaka komeo la nje namuuliza nani atalala ndani, na asiponijibu sipandi. Mawili nimeyang'oa bila kuombwa, wamenitukana, na sijali. Jioni, Nasra akitoka kusikiliza habari nzito hali chakula, kwa hiyo nampelekea, namkalisha, nasimulia uongo mtupu mpaka anicheke na anitolee nusu, na akishanitolea ndiyo anakula. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, nitaifanya mpaka nami nije. Ijumaa nitakuja kukusomea Yasini, nipalilie yale majani upande wa miguu. Barua hii nitaiweka kwenye droo ya cherehani, palepale ulipokuwa unaweka futi. Nasra akiikuta, aikute. Lala salama, dada yangu. Umelea mtu.

Limebaki jambo moja, dogo.

Wiki iliyopita Halima alikuja dukani. Mikono ya gauni ilikuwa mifupi. Ameleta sahani ya vitumbua, amefunika kitambaa. Akaniambia, "Fundi, zile skrubu. Najua uliweka fupi makusudi. Mungu akulipe." Mtaa mzima ndivyo unavyosema sasa, kwamba Salumu alimwona mwanamke kafungwa akamwachia njia kwa akili ya ufundi. Sikuianzisha mimi hadithi hiyo, nakuapia. Lakini niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikala vitumbua vyote.

Sahani yake bado iko kwangu, na sahani hairudi tupu kwa mwenyewe. Nitairudisha na ukweli juu yake. Mahakamani waliuliza urefu tu, hakuna aliyeuliza kwa nini. Zile za inchi mbili nilizisahau dukani, Zuhura. Nilikuwa nimeshafika ghorofa ya nne, na nilipowaza kushuka na kupanda tena, nikaingiza mkono mfukoni, nikatumia zilizokuwemo.

Hakuna cha kutoa hapo. Ni magoti tu, Dada.

Mdogo wako,
Salumu